Fuata Shilingi Mpaka Kwenye Kalvati: Namna ya Kufuatilia Mradi wa Barabara au Maji Katika Shehia Yako

Kila Juni, redio ikiwekwa juu ya meza ya kahawa, barazani kwetu watu hunyamaza kusikiliza bajeti. Mwaka mmoja ikatajwa njia yetu, ile inayoshuka bondeni kisha ikapanda kuelekea barabara kuu ya Wete. Watu walishikana mikono kama siku ya Idi. Masika ya mwaka uliofuata, mama mjamzito alitolewa bondeni kwa kitanda cha kamba, vijana wanne wakizama kwenye tope mpaka magotini, kwa sababu hapakuwa na gari ya kuweza kushuka.

Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya maendeleo ya shehia, eneo dogo kabisa la utawala hapa Zanzibar. Watu waliniuliza fedha zimekwenda wapi, na sikuwa na jibu. Ilinichukua miezi kulipata: fedha hazikuibiwa, bali hazikuwahi kuingia. Kuidhinishwa si kuingizwa, na kuingizwa si kutumika. Tangu siku hiyo siulizi tena "mradi wetu umefikia wapi?" Nauliza tarakimu tatu: zimeidhinishwa ngapi, zimeingizwa ngapi, zimetumika ngapi. Ukizipata hizo tatu, unajua ugonjwa uko wapi.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu wa shehia asiye mhasibu wala mhandisi. Mifano yangu mingi ni ya Pemba, lakini mtu wa Makunduchi au Nungwi ataitumia vilevile.

Hatua ya kwanza: jua mradi uko kwenye mfuko wa nani

Barabara, maji, skuli za msingi na sekondari na vituo vya afya si mambo ya Muungano. Ni kazi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kwa hivyo wa kuulizwa kwanza ni Mwakilishi wako kwenye Baraza la Wawakilishi, Chukwani, si Mbunge wako wa Dodoma. Wengi huwachanganya wawili hawa na kupoteza mwaka.

Ndani ya SMZ nako kuna milango mingi. Barabara kuu ziko chini ya wizara ya ujenzi na wakala wake wa barabara. Maji ni ya ZAWA, mamlaka ya maji, na umeme ni wa ZECO, shirika la umeme. Soko, mitaro ya mitaani, taka na baadhi ya njia ndogo ni za baraza la mji, manispaa au halmashauri ya wilaya, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Nam. 7 ya 2014. Mabaraza haya yana mapato yao, leseni za biashara na ada za masoko, lakini si makubwa kiasi cha kumudu kilomita nyingi za lami. Ukiona diwani anaahidi lami, muulize kwa upole fedha zinatoka mfuko gani. Upo pia Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ambao hufaa kwa mambo madogo: kupaua banda la skuli, kununua pampu ya kisima, kumwaga kifusi kwenye shimo moja baya.

Jambo moja huwachanganya hata watu waliosoma. Sheha na diwani hawako kwenye mstari mmoja. Sheha huteuliwa, naye yumo katika mstari wa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa Nam. 8 ya 2014. Diwani huchaguliwa na wadi, naye hukaa kwenye baraza linalopitisha bajeti ya mtaa. Mradi wako ukitajwa kwa sheha peke yake, huenda usifike kwenye kikao cha madiwani hata siku moja. Wapelekee wote wawili, siku moja, karatasi moja.

Hatua ya pili: soma kalenda mbili kwa pamoja, ya bajeti na ya mvua

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kumalizika 30 Juni. Hotuba ya Juni unayoisikia redioni ni mwisho wa safari. Vipaumbele huwa vimeshakusanywa miezi mingi nyuma, wizara na mabaraza yakiandaa makadirio yao kwa kufuata mwongozo wa bajeti. Shehia inayopeleka ombi lake Mei imechelewa. Sisi sasa hukaa kikao baada ya mvua za vuli, tukachagua mambo matatu na si kumi, tukayaandika, na kufikia Januari karatasi imeshagongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa nini matatu? Kwa sababu ombi la mambo kumi humpa ofisa ruhusa ya kukuchagulia. Kisima, kalvati la bondeni (tundu la kupitisha maji chini ya barabara), choo cha skuli. Basi.

Sasa tazama kalenda ya mvua. Bajeti hupita Juni. Fedha za mwanzo huanza kutoka polepole, zabuni huchukua miezi, na mara vuli imeingia, Oktoba hadi Disemba. Udongo wetu wa Pemba wa mabondeni ukilowa haushindiliki. Kinachobaki ni dirisha la kiangazi, Januari na Februari, kabla ya masika kufunga kila kitu kuanzia Machi. Mradi ambao mkataba wake haujasainiwa kufikia Disemba, uhesabu kuwa hautaonja lami mwaka huo. Kwa hivyo swali la kuuliza Oktoba si "mtaanza lini kujenga?" Uliza "mkataba umesainiwa?" Ni swali fupi, na jibu lake ni ndiyo au hapana.

Hatua ya tatu: kipate kitabu na ukisome

Usiogope unene wake. Unahitaji vitu viwili tu: hotuba ya waziri wa sekta yako na kitabu cha makadirio. Hotuba huwasilishwa Baraza la Wawakilishi, na nakala nyingi huwekwa kwenye tovuti za Baraza na za wizara. Usipoipata huko, muombe Mwakilishi wako, kwa kuwa yeye hupewa. Hotuba pia ina faida moja ambayo watu hawaijui: huko nyuma, kwenye viambatisho, kuna majedwali. Maneno mazuri yako mbele, lakini ukweli uko kwenye majedwali.

Utakuta matumizi yamegawanywa mafungu mawili makubwa, kazi za kawaida na kazi za maendeleo. Mishahara, mafuta ya gari na karatasi ziko kwenye kazi za kawaida. Barabara mpya, kisima, jengo la skuli ziko kwenye kazi za maendeleo. Lakini angalia: matengenezo, yaani kuziba mashimo na kuzibua mitaro, hayakai pamoja na ujenzi mpya, na ndiyo ya mwanzo kukatwa fedha zikipungua. Hili linaniuma sana. Mtaro usiozibuliwa mwaka mmoja huiua barabara iliyojengwa kwa mabilioni.

Ndani ya kitabu, fedha zimepangwa kwa fungu la wizara, kisha programu, kisha programu ndogo, kisha mradi. Usisome jumla. Makadirio ya SMZ yalikuwa karibu shilingi trilioni 2.8 mwaka wa fedha 2023/2024, yakafika karibu trilioni 5.2 mwaka 2024/2025, lakini tarakimu hizo hazimwambii mtu wa Gando chochote kuhusu njia yake. Teremka mpaka kwenye jina la mradi, na kidole chako kikae hapo.

Chukua mfano wa kubuni. Jedwali linasema mradi wa njia ya shehia yako uliidhinishiwa shilingi milioni 600. Safu ya pili inasema hadi Machi zimeingizwa milioni 150. Safu ya tatu, zimetumika milioni 140. Hapo mkandarasi hana kosa, wala sheha, wala diwani. Mradi umepata robo tu ya fedha yake na miezi tisa imekwisha. Swali lako liende wizara ya fedha kupitia kwa Mwakilishi. Geuza sasa: zimeingizwa milioni 600, zimetumika 150. Hapa fedha ipo, kazi haiendi, na swali linaelekea kwa msimamizi wa mradi: ni zabuni, ni mkandarasi, au ni fidia? Hali ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Zimetumika zote 600, na wewe unasimama bondeni hujaona hata fuko la saruji. Hapo usipige kelele barazani. Nenda hatua ya sita ukiwa na picha.

Hatua ya nne: uliza fedha ni ya nani, halafu uliza fidia

Fedha ya maendeleo ina vyanzo vyake: mapato yetu wenyewe, ruzuku, na mikopo. Siku hizi kuna na hatifungani, yaani hati ambazo Serikali huwauzia watu ili ipate fedha. Mwaka 2025 SMZ ilizindua Zanzibar Sukuk, hatifungani inayofuata misingi ya Kiislamu, ili kukusanya fedha za miradi. Chanzo hubadilisha mwendo wa mradi. Unaotegemea mapato ya ndani huenda kwa kukatikakatika, kadiri makusanyo yanavyokuja. Wa mkopo huwa na fedha ya uhakika zaidi lakini kila hatua kubwa husubiri idhini ya mkopeshaji. Barabara ya Bububu–Mahonda–Mkokotoni, kilomita 31, iligharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mitaro mikubwa ya maji ya mvua ya Mjini ilijengwa katika mradi wa huduma za mijini, ZUSP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Miradi ya namna hii ina faida kwako. Benki hizo huweka nyaraka zake kwenye tovuti zao: mpango wa fidia, taarifa za maendeleo, gharama kwa kila sehemu. Mara nyingi utapata humo zaidi ya utakachopata kwenye kitabu cha bajeti. Nyingi ni za Kiingereza, kwa hivyo mkalishe mwalimu au kijana wa sekondari mkazisome pamoja. Pia huwa na utaratibu wa malalamiko ndani ya mradi wenyewe. Uliza ni nani anayepokea malalamiko, na jina la nafasi yake ulibandike msikitini na dukani.

Sasa fidia. Kwa kawaida mkopo hulipa ujenzi, na fidia hulipwa na Serikali kutoka mfuko wake. Ndiyo maana unaweza kuona mkandarasi ameshashusha katapila na kambi imejengwa, lakini kazi imesimama kwenye nyumba tano. Fedha ya lami ipo, fedha ya nyumba tano bado. Kila siku katapila linapolala, gharama ya mradi inapanda. Ukikuta mradi umekwama, hili ndilo la kwanza kulikagua.

Na wewe mwenye nyumba au shamba linalopitiwa, fanya haya kabla mthamini hajafika. Piga picha kila mti na kila ukuta. Hesabu kwa mkono wako. Ami yangu alipitiwa na barabara. Mthamini akaandika mikarafuu kumi na nne, ami akatia saini kwa heshima ya mgeni, akampa na dafu. Usiku ndipo alipokumbuka miche tisa aliyoipanda mwaka juzi chini ya mikubwa, na minazi miwili upande wa pili wa kijito. Kuyarudisha mambo hayo kwenye fomu kulichukua karibu mwaka. Kwa hivyo tembea na mthamini hatua kwa hatua, muoneshe mkubwa na mdogo, usitie saini fomu ambayo hujapewa nakala yake, na alama nyekundu ya X ikishawekwa ukutani ipige picha pamoja na tarehe. Ardhi kisheria ni ya umma, lakini mkarafuu ulioupanda na nyumba uliyoijenga ni jasho lako, nayo huthaminiwa.

Hatua ya tano: simama kwenye eneo la kazi na kipimo

Siku ya kwanza tafuta bango la mradi. Liwe na jina la mradi, mwenye mradi, mkandarasi, mshauri mwelekezi, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Lipige picha. Ikiwa hakuna bango, hilo ndilo swali lako la kwanza la maandishi.

Kisha omba kuoneshwa mchanganuo wa kazi. Huhitaji wote. Omba ukurasa mmoja unaohusu shehia yako: makalvati mangapi, ya ukubwa gani, mitaro mita ngapi, unene wa tabaka la kifusi. Sisi tulipewa kuusoma tu ofisini, tukanakili kwa kalamu. Ndani yake iliandikwa kalvati la bondeni liwe na kipenyo cha sentimita 90.

Makalvati yalipoletwa, kijana wetu mmoja anayeshona nguo alikwenda na futi kamba yake ya kushonea. Akainyosha mdomoni mwa tundu, mbele ya fundi, bila ya neno. Sentimita 60. Akapima la pili, sitini. La tatu, sitini. Fundi akasema tofauti ni ndogo. Lakini si ndogo. Tundu la 90 lina nafasi ya maji mara mbili na robo ya tundu la 60, na bonde lile ndilo linalopokea maji ya vilima viwili. Tungenyamaza, masika ya kwanza yangelipita juu ya barabara na kuichana.

Hatukugombana wala hatukumzuia mtu kufanya kazi. Tulipiga picha futi ikiwa ndani ya tundu, tarakimu zikionekana, tukaandika barua ukurasa mmoja, tukaipeleka kwa mhandisi na nakala kwa sheha. Alikuja siku ya nne. Akapima mwenyewe, akaagiza yaondoshwe. Simtaji mkandarasi yule, kwa sababu aliyarudisha na akaleta ya 90, na yamo mpaka leo.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya, na kila mtu mwenye macho anaweza. Kifusi kimwagwe kwa tabaka na kushindiliwa kila tabaka, kisimwagwe chote siku moja. Mdomo wa mtaro uwe chini ya barabara, si juu yake. Mtaro uwe na pa kutolea maji, usiishie kwenye ua wa mtu. Kwa mradi wa maji, waulizeni kina mama: wao ndio wanaojua bomba lilitoka saa ngapi na siku ngapi kwa wiki. Wapeni daftari waandike. Ni ushahidi ambao ofisi yoyote hushindwa kuupinga.

Hatua ya sita: uliza kwa maandishi, mlango mmoja baada ya mwengine

Wapo wanaoanzia juu kabisa, na mara nyingi hurudishwa chini. Anza kwa sheha na diwani, kisha mkurugenzi wa baraza au taasisi husika. Sisi wa Pemba tuna nafuu moja: kila wizara ina Afisa Mdhamini hapa kisiwani. Usipande boti kwenda Unguja kabla ya kuingia ofisini kwake. Baada ya hapo Mwakilishi, ambaye anaweza kuuliza swali Barazani, na swali lililoulizwa Barazani lazima waziri alijibu. Kamati za Baraza nazo hutembelea miradi, kwa hivyo wakija, wawe na karatasi yenu mkononi.

Barua iwe fupi hivi:

"KUH: Ombi la taarifa za utekelezaji wa mradi wa (jina kama lilivyo kwenye bajeti). Sisi wananchi wa shehia ya (…) tunaomba kujulishwa: (1) fedha zilizoidhinishwa kwa mwaka wa fedha (…), (2) fedha zilizoingizwa hadi tarehe ya leo, (3) fedha zilizotumika, (4) tarehe ya kusainiwa mkataba na ya kumalizika kazi. Tunaambatanisha picha."

Nakala mbili, moja igongwe muhuri na ubaki nayo. Bila ya muhuri hukupeleka kitu.

Elewa na haki yako vizuri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ni ya Tanzania Bara, kwa hivyo ukiitaja kwenye ofisi ya Zanzibar utajibiwa kuwa haihusu, na watakuwa na haki. Simama kwenye Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 18, inayozungumzia uhuru wa maoni na haki ya raia kupewa taarifa.

Ukiwa na dalili za rushwa, yaani fedha imetumika na kazi haipo, mlango ni ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi Zanzibar. Peleka ushahidi, usipeleke uvumi, na usilitangaze jina la mtu mitaani kabla ya uchunguzi. Na kila mwaka isome ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Zanzibar. Tafuta ndani yake jina la taasisi yako. Ikiwa mkaguzi keshaona kasoro, barua yako inakuwa na nguvu mara mbili.

Hatua ya saba: usiondoke siku ya kukata utepe

Utepe ukikatwa, mkandarasi bado hajalipwa yote. Sehemu ya malipo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, huzuiliwa mpaka kipindi cha matazamio kimalizike, na kipindi hicho mara nyingi ni miezi 12. Nyufa, mtaro uliobomoka, bomba linalovuja: yote hayo ni juu yake kuyatengeneza bila ya malipo, alimradi yameripotiwa ndani ya muda. Uliza tarehe ya mwisho ya matazamio. Iandike kwa herufi kubwa. Masika moja lazima ipite ndani yake, na baada ya mvua kubwa ya kwanza nendeni mkaikague barabara yote kwa miguu, mtu na kalamu yake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila ya habari, na daftari letu ni la kawaida, la mistari, limefunikwa plastiki kwa ajili ya mvua. Safu zake ni tano: tarehe, tulichouliza, tuliyemuuliza, alichojibu, tarehe aliyoahidi. Linakaa kwa katibu, nakala ya picha inakaa kwenye simu za watu watatu. Mstari wa mwisho uliomo unahusu choo cha skuli: barua imepokelewa, muhuri upo, jibu limeahidiwa kabla ya vuli. Safu ya nne bado iko wazi.